Kanda za Baba Mdogo: shajara ya michezo ya redio, Moshi

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nimerudi kutoka Uru na sanduku la bati magotini, daladala nzima wakiniuliza nimebeba nini. Baba Mdogo alilifunga kwa kamba ya katani. Ndani, chini ya gazeti lililotafunwa na mende, kuna kanda 31 za kaseti, alizorekodia michezo ya redio. Nimezipanga juu ya meza yangu ya kukatia nguo na kuzihesabu mara mbili. Zote ni za dakika 60, thelathini kila upande. Lebo zimeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu: "Mchezo", "Mchezo wa J'pili", "Pwagu", "Twende", na nyingi zina namba tu. Tarehe hakuna hata moja.

Nilikuwa nimemwomba tangu Pasaka. Leo amenikabidhi na kusema, "Mwanangu, sikio langu la kushoto limeshakwenda zake. Wewe una mashine. Zisikilize, ukikuta kitu kizuri njoo unisimulie." Nikamwambia, "Baba, sitakusimulia. Utasikia mwenyewe."

Basi kazi ndiyo hiyo. Kanda zote ziingie kwenye kompyuta kabla hazijaoza, na kila Jumamosi jioni, kazi za cherehani zikishafungwa, tukae uani hapa Majengo chini ya mwembe tusikilize mchezo mmoja. Tusikilize kama zamani: taa moja tu, chai ya tangawizi, mtu asiongee.

Niweke na hili kumbukumbu. Baba Mdogo hakuwa na waya wa kuunganisha redio na kinasa sauti. Redio ilikuwa National ya betri, ile iliyotoka kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam. Aliiweka juu ya kigoda, kinasa sauti akakiweka mbele yake kama mtoto anayelishwa, kisha akanyoosha kidole hewani. Kidole kikiwa juu, nyumba nzima inanyamaza. Nakumbuka niliwahi kukimbilia mgombani ili nikohoe huko.

Jumatano, 11 Juni

Deki ya kuchezea kaseti niliyoinunua Kiboriloni ilikuwa haizungushi. Nilimpelekea fundi mmoja mjini, akairudisha ikiwa na mkanda aliokata kwenye mpira wa baiskeli. Ilizunguka kweli, ila sauti za watu zilipanda na kushuka kama mtu anayeongea akiwa ndani ya gari kwenye makorongo. Nikaifungua mwenyewe. Mkanda wa zamani ulikuwa umeyeyuka kama lami na kugandia kwenye gurudumu. Nimeutoa kwa spiriti na vijiti vya pamba, saa nzima na nusu, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Mkanda mpya wa saizi yake umekuja na basi kutoka Dar leo asubuhi.

Kazi iliyonifurahisha zaidi ni ya kanda yenyewe. Kila kaseti ina kipande kidogo cha feliti juu ya ulimi wa shaba, kinachoikandamiza kanda kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma sauti. Gundi ikikauka kinadondoka, na sauti inakuwa ya mbali. Kaseti tisa zimepoteza feliti yake. Kanda ina upana wa milimita 3.81 tu, nyembamba kuliko utepe wowote niliowahi kushona. Ila feliti ninayo, ile ninayoweka chini ya ukosi wa koti. Nimekata vipande vya milimita nne kwa tano kwa wembe, nikavishika kwa kibanio cha nyusi, tone la gundi, nikapuliza. Tisa zote zimekaa.

Jumamosi, 14 Juni

Kanda ya kwanza imeingia. Kanda haina njia ya mkato: inakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, hata uwe na haraka ya namna gani. Kanda 31 ni saa 31 za kukaa na kusikiliza, na mimi nashona huku inaingia. Natumia programu ya Audacity, sauti ya njia moja, kila upande unakula kama MB 160.

Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo sana. Ukiizungusha robo mzunguko, sauti inafunikwa kama mtu kajifunga shuka mdomoni. Ukiirudisha taratibu, ghafla herufi "s" zote zinafunguka. Kila kanda ilirekodiwa kwenye mashine iliyokaa kivyake, kwa hiyo kila kanda nairekebishia skrubu upya. Nikisikia "s" imesimama, naondoa mkono.

Kisha nikafanya kosa. Programu ina chombo cha kuondoa makelele: unakionyesha sekunde chache za mvumo mtupu, nacho kinautoa kote. Nilikionyesha mwanzo wa kanda, nikabonyeza. Mvumo ulikwisha, lakini mvua iliyokuwa inapiga bati la Uru jioni ile nayo ikaisha, na wachezaji wakabaki wanaongea kama wamefunikwa na ndoo. Mama alikuwa anapita na beseni la nguo, akasimama. "Mvua imekwenda wapi?" Nimeirudisha. Kuanzia leo kila kanda ina faili moja ambalo haliguswi kabisa.

Jumamosi, 21 Juni

Baraza la kwanza. Tulikuwa saba: Mama, Mama Neema wa nyumba ya pili na binti zake wawili, Baraka mtoto wa kaka yangu, kijana ninayefanya naye kazi dukani, na mimi. Baridi ya Juni imeingia kwelikweli, Kibo haujaonekana wiki nzima, na Mama Neema alikuja amejitanda vitenge viwili.

Niliweka kanda ya "Twende". Ni *Twende na Wakati*, mchezo wa Radio Tanzania Dar es Salaam ulioanza Julai 1993, mara mbili kwa wiki, nusu saa nusu saa, saa kumi na mbili na nusu jioni. Wadogo hawakuujua. Nikawaeleza kidogo kabla ya kuwasha. Ulijengwa kwa njia aliyoibuni Miguel Sabido wa Mexico kwenye tamthilia za televisheni za huko: kuna mtu mwema, kuna mtu mbaya, na kuna wale wa katikati wanaoyumba na kubadilika taratibu mbele ya masikio yako. Mbaya wetu ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu ndiye anayeachiwa nyumba. Wa katikati yumo Fundi Mitindo, fundi cherehani, ninayempenda tangu utotoni kwa sababu ambayo kila mtu hapa anaielewa. Mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo huo mpaka 1995, ili watafiti, akiwemo Everett Rogers wa Marekani, walinganishe waliousikia na wasiousikia. Mama alishangaa. "Kumbe wakati sisi tunamlaani Mkwaju, shoga yangu wa Kondoa hajui hata ni nani!"

Tunu alipoanza kuongea, Mama aliweka kikombe chini. Hakukishika tena mpaka mwisho. Binti mdogo wa Mama Neema alifumba macho dakika kama ya kumi, nikadhani amesinzia. Baadaye akaniuliza, "Lori lake ni la rangi gani?" Dada yake akajibu palepale, "Jekundu." Mama akasema la kijani. Hakuna aliyetaja rangi mchezoni.

Ijumaa, 27 Juni

Umeme umekatika tangu saa moja. Deki haiendi, kwa hiyo mimi na Baraka tumekaa na simu yake na spika ndogo ya chaji tukasikiliza ya wenzetu. Nilimchagulia mchezo wa tarehe 30 Oktoba 1938 wa redio ya CBS Marekani, Orson Welles akiwa na miaka 23: viumbe wa Mirihi wanashuka duniani. Riwaya yake ni ya H. G. Wells, ya 1898, na mambo yake yanatokea Uingereza. Kwenye redio waliyahamishia kijiji cha Grover's Mill, New Jersey, na sehemu kubwa ya mwanzo ikaigizwa kama taarifa ya habari inayokatiza muziki wa dansi. Baraka Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, alikuwa ananinong'oneza. Palipofika mahali mtangazaji anakatika katikati ya sentensi na kimya kinafuata, giza letu la Majengo likawa zito. Baraka akaamka akaenda kukomea mlango. Sikumcheka, maana nami nilitaka ukomewe.

Tulizungumza mpaka usiku kwa nini kwao mambo haya yaliisha mapema. Televisheni iliingia majumbani miaka ya 1950, wasikilizaji wakahama, matangazo ya biashara yakawafuata, na kufikia Septemba 1962 kipindi cha *Suspense*, kilichokuwa hewani tangu 1942, kikafungwa. Huku Bara televisheni ilianza 1994. Zanzibar walitutangulia tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo redio yetu ilibaki na jioni yote peke yake kwa miaka thelathini zaidi. Ndiyo maana Baba Mdogo alikuwa na cha kurekodi.

Baraka anataka kujua milio ilivyotengenezwa. Kwato za farasi ni vifuu viwili vya nazi vikigongwa juu ya sinia la mchanga. Tumejaribu, ni farasi kabisa. Moto ni karatasi ya nailoni ngumu, ile ya kufungia maua, ukiifinyanga karibu na kipaza sauti. Na mtu anayetembea kwenye theluji ni wanga wa mahindi ndani ya kifuko, unaubinya polepole kwa vidole gumba. Tulitumia soksi. Krr, krr, krr. Nimezaliwa chini ya mlima wenye theluji, nimeiona kila asubuhi isiyo na mawingu, na leo ndiyo mara ya kwanza kusikia hatua ya mtu juu yake.

Jumamosi, 5 Julai

Niandike hili vizuri, maana limebadilisha kazi.

Baba Mdogo ameshuka kutoka Uru. Alikuja na mkungu wa ndizi na koti lake la sufu, akakaa kwenye kiti cha mkono, sikio la kulia likaelekea spika. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla ya chai akauliza, "Iko wapi?" Tulikuwa kumi na mmoja safari hii.

Niliweka kanda namba 17. Lebo yake ni namba tu. Jina la mchezo halikuandikwa na halisikiki, maana mwanzo umeingia na mkia wa taarifa ya habari. Ni kisa cha kondakta wa basi. Usiku, akifagia basi, anakuta mkoba chini ya kiti cha nyuma, na ndani mna fedha za mtu aliyeuza ng'ombe. Anakwenda nao nyumbani. Mkewe anataka urudishwe, yeye anataka kusubiri kwanza. Hakuna muziki, hakuna kelele, ni watu wawili tu na taa ya chemli unayoisikia ikipandishwa utambi. Kila mbwa akibweka nje wananyamaza. Wanahesabu fedha, wanazifunga, wanazihesabu tena. Kwa mbali, nyuma ya mchezo, jogoo wa Uru anawika saa isiyo yake, na Baba Mdogo akatabasamu, "Yule tulimla Idi."

Kisha mlangoni: "Hodi." Kimya. "Hodi wenyewe." Mke anasema kwa sauti ya chini, "Nani?"

Tak. Kanda imeisha.

Watu waliguna kwa pamoja. Nikasimama nieleze kwamba upande wa kanda ni dakika thelathini, na Baba alianza kurekodi mapema akiogopa kukosa mwanzo, kwa hiyo dakika za mwisho zilibaki hewani. Sikumaliza kueleza. Baba Mdogo alikuwa ameshaanza kuongea, macho yameelekea mwembe, kwa sauti ya kondakta yenyewe: "'Mke wangu, fungua.' Mke anafungua. Ni mzee mwenye mkoba. Amevaa kanzu imelowa. Hasemi mkoba, hasemi fedha. Anaomba maji ya kunywa. Anakunywa, anashukuru, anakaa. Kondakta mwenyewe anainuka anauleta mkoba, anamwekea miguuni."

Uani palikuwa kimya hata nyenje niliwasikia. Nikadhani ndiyo mwisho wa mchezo.

"Hapana, shemeji," Mama akasema.

Baba Mdogo akageuza sikio.

"Siyo mzee. Ni jirani, mama mmoja amekuja kuomba chumvi. Yule kondakta kwa hofu yake hakungoja hata aone ni nani, alianza kulia na kusema fedha ninazo, fedha ninazo. Jirani hakujua lolote. Ndipo mtaa mzima ukajua."

"Shemeji, mimi ndiye niliyerekodi."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza wakati wewe unaangalia kanda isikwame."

Mama Neema akainua mkono kama yuko darasani. Alikulia Same, na kwao mchezo huo waliusikia pia, ana hakika. Anasema haukuishia pale. Mtangazaji aliingia akasema usikose sehemu ya pili wiki ijayo, na wiki ile betri zao zikaisha, kwa hiyo hajui hadi leo nani alikuwa mlangoni. Alisema hivyo bila masihara yoyote. Miaka zaidi ya thelathini amebaki na "Nani?"

Waliendelea mpaka saa nne usiku. Chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena.

Jumatano, 9 Julai

Nimepitia pande zote zilizokwisha kuingia. Michezo ni 44, na 29 kati yake imekatwa mwisho. Mitatu imekatwa ndani ya sentensi, mmoja katikati ya kicheko.

Mwanzoni niliona huo ni upungufu wa mradi. Nilikuwa nimepanga kuandika "haijakamilika" kwenye kila faili. Sasa nimefungua folda ya pili. Mchezo ukikatika, siizimi kompyuta; naweka simu mezani, inarekodi uani. Mwisho wa Baba Mdogo utaingia kwa sauti yake, wa Mama kwa sauti yake, na hata wasiokumbuka waseme hawakumbuki. Sichagui upi ni wa kweli. Nikimweka mmoja kuwa sahihi, mwenzake hataongea Jumamosi ijayo, na hapo ndipo kanda itakuwa imeisha.

Baraka amependekeza wao vijana waigize miisho hiyo kwa vifuu na soksi ya wanga. Nimemwambia ngoja kwanza wazee wamalize kubishana.

Jumapili, 13 Julai

Kanda namba 18. Kama Mama Neema yuko sahihi na kulikuwa na sehemu ya pili, na kama Baba alifuata namba, basi imo humu. Nilipotoka kanisani sikuvua hata viatu.

Ni kwaya. Upande A kwaya, upande B kwaya. Nyimbo za Krismasi, watoto wa Sunday School, na sauti ya Mama akihesabu "moja, mbili, haya." Nilimwita. Alisikiliza, akakaa kwenye kitanda. "Mwanangu, kanda zilikuwa ghali, na Krismasi ilikuwa kesho. Niliichukua kanda ile chini ya kitanda cha baba yako mdogo. Hakuwahi kuuliza."

Nikaiacha iendelee kuingia, nikashika pasi. Kati ya wimbo wa tatu na wa nne Mama alikuwa amesimamisha kurekodi, akasikiliza walivyoimba, na aliporudi kurekodi alikuwa ameiacha kanda imesogea mbele kidogo. Kwenye pengo hilo ya zamani haikufutwa. Wimbo unaisha, tak, halafu bila onyo unaingia mvumo mwingine, chumba kingine, taa ya chemli. Sauti ya mke yule yule: "Ingia. Tulijua utakuja." Kiti kinavutwa. Mtu anakohoa kikohozi cha kiume au cha mwanamke mzee, sijui. Tak. "Moja, mbili, haya."

Sekunde 11. Nimeiunguza suruali ya mteja, nitamlipa kitambaa.

Jumamosi, 19 Julai

Tulikuwa kumi na wanne. Mama mwenyewe aliomba aeleze kwanza habari ya kwaya, akasimama akamwambia Baba Mdogo mbele ya watu, na Baba Mdogo akasema, "Walau walikuwa wanaimba vizuri, shemeji." Kisha nikazima taa ya uani, nikaicheza.

Kimya. Nikairudia.

"Mmesikia?" Baba Mdogo akasema. "'Tulijua utakuja.' Nani atamjua mwombaji wa chumvi kwamba atakuja? Ni mzee wa ng'ombe."

"Shemeji, jirani anayekuja kila jioni kuomba chumvi, si lazima ujue atakuja? Na kikohozi kile ni cha mama mzee."

"Rudia kikohozi," akasema Mama Neema.

Nilikirudia mara sita. Nikaongeza sauti, nikaipunguza, Baba Mdogo akasogeza kiti mpaka goti likagusa spika. Binti mdogo wa Mama Neema alikuwa ameketi juu ya jamvi, amefumba macho tena. Nikamuuliza anamwona nani mlangoni. Akasema bado hajaingia, tumwache kwanza afute miguu.